Vita vya Troia kwa hesabu: merikebu 1,186 na matumbo 100,000

Mfalme Agamemnon alileta merikebu 100. Mzee Nestor wa Pylos alileta 90, Diomedes wa Argos na Idomeneus wa Krete 80 kila mmoja, na Menelaus, yule aliyenyang'anywa mke, 60. Waarkadia, watu wa bara wasiojua lolote la bahari, waliazimwa 60 na Agamemnon. Odysseus, ambaye leo jina lake linawafunika wengi wa hao, alikuwa na 12 tu. Nireus wa Syme, kijana mzuri wa sura kuliko Wagiriki wote ukimtoa shujaa wao mkuu Achilles, alifika na 3. Jumlisha vikosi vyote 29 vilivyotajwa katika kitabu cha pili cha utenzi wa Iliad, unapata merikebu 1,186.

Kisa chenyewe kinajulikana. Paris, mwana wa mfalme Priam wa Troia, anakaribishwa Sparta, kisha anaondoka na Helen, mke wa mwenyeji wake. Wagiriki wanavuka bahari kumrudisha, na inawachukua miaka 10. Malenga hadaiwi risiti, ndiyo maana kwa karne kadhaa hakuna aliyeuliza nani alikuwa akiwalisha watu hao wote.

Aliyeuliza ni Thucydides, mwanahistoria wa Athens wa karne ya 5 KK. Aliona kwamba katika orodha ile Homer, malenga wa Iliad, anataja idadi ya watu mara mbili tu: merikebu za Boeotia zilibeba watu 120 kila moja, na zile 7 za Philoctetes watu 50. Akazichukua kuwa ndizo kubwa kabisa na ndogo kabisa. Wastani wake ni 85, na 85 mara 1,186 ni watu 100,810. Ukiwa mchoyo ukaipa kila merikebu watu 50, bado unabaki na 59,300.

Sasa tuwalishe. Mwanahistoria mwenzake Herodotus, alipopiga hesabu ya chakula cha jeshi la Waajemi, alimpa kila mtu takriban lita moja ya ngano kwa siku, yaani kama gramu 800. Kwa watu 100,810 hizo ni tani 80 kila siku: magunia 800 ya kilo mia. Kwa mwaka ni zaidi ya tani 29,000, bila kuhesabu kuni, maji, wala farasi wa magari ya vita.

Chombo cha kulinganishia tunacho. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo aligundua mabaki ya merikebu ya biashara huko Uluburun, kusini mwa Uturuki, iliyozama karibu mwaka 1300 KK. Ilikuwa na urefu wa kama mita 15, na inakadiriwa ilibeba tani 20 hivi. Ingebidi vyombo vinne vya ukubwa huo vishushe ngano ufukweni kila siku, masika na kipupwe, kwa miaka 10. Na hiyo ya Uluburun haikuwa chombo cha ngano. Ilipakia tani 10 za shaba na tani 1 ya bati, uwiano uleule wa kutengenezea bronzi. Vazi la vita la bronzi lililofukuliwa Dendra, Ugiriki, lina uzito wa kilo 15 hivi, kwa hiyo tani 11 zinatoa mavazi kama 730. Kweli, mavazi hayo walivaa wakubwa tu. Hata hivyo, shehena hiyo ya kifalme isingemvika hata mtu 1 kati ya 100 katika jeshi la Agamemnon.

Homer mwenyewe anatuchungulisha sokoni. Katika kitabu cha saba, jioni, Wagiriki wamemaliza kujenga boma la kambi, na merikebu za mvinyo zinatia nanga kutoka kisiwa cha Lemnos. Vipimo 1,000 vimetengwa kwa ajili ya Agamemnon na ndugu yake. Askari wengine wananunua: huyu analipa kwa bronzi, yule kwa chuma, wengine kwa ngozi, kwa ng'ombe wazima, kwa mateka. Sarafu hakuna, na bei za vitu vikubwa zinatajwa kwa ng'ombe. Katika michezo ya mazishi ya Patroclus, rafiki wa Achilles, mshindi wa mieleka anapewa chungu cha miguu mitatu chenye thamani ya ng'ombe 12. Aliyeshindwa anapewa mwanamke mfanyakazi, thamani yake ng'ombe 4. Mwana wa mfalme Priam, Lycaon, aliwahi kuuzwa na Achilles kwa thamani ya ng'ombe 100. Ukizisoma bei hizo kwa mfuatano, unaona vita viliendeshwa kwa fedha gani: nyara na mateka.

Thucydides aliliona hilo. Kwa maoni yake watu walikuwepo, fedha ndizo hazikuwepo. Jeshi lilipunguzwa libaki na ukubwa unaoweza kujitafutia riziki, na hata hilo lilibidi ligawanyike: wengine walilima ng'ambo ya mlango wa bahari, kwenye rasi ya Chersonese, wengine walikwenda kuteka nyara. Ndiyo maana Troia haikuzingirwa na jeshi zima kwa wakati mmoja, na ndiyo maana ikachukua miaka 10. Achilles anajisifu kuwa ameteka miji 12 kwa merikebu na 11 kwa nchi kavu. Wasomaji wengi huipita sentensi hiyo haraka, lakini kwangu miji hiyo 23 ndiyo bajeti ya vita.

Tugeukie upande wa pili. Kilima cha Hisarlik, karibu na Çanakkale nchini Uturuki, ndipo panapoaminika kuwa Troia; kina tabaka kuu 9 za miji iliyojengwa mmoja juu ya mwingine. Mchimbuaji Mjerumani Heinrich Schliemann alianza kuchimba mwaka 1870, akakata mtaro mkubwa katikati, na mwaka 1873 akatangaza dhahabu aliyoiita hazina ya Priam. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko Priam kwa zaidi ya miaka 1,000. Ngome inayolingana na enzi ya kisa ilichukua hekta 2 hivi. Manfred Korfmann, aliyechimba kuanzia 1988, alidai palikuwa na mji wa chini uliofikisha eneo lote karibu hekta 30, wenye watu kati ya 5,000 na 10,000. Mwenzake wa chuo kikuu hichohicho cha Tübingen, Frank Kolb, alimwambia hadharani kwamba anatia chumvi. Hata tukimpa Korfmann ushindi, kila mkazi wa Troia, pamoja na watoto wachanga, angezingirwa na Wagiriki 10.

Ardhi nayo inabana. Merikebu 1,186 zilizopandishwa mchangani, kila moja ikipewa mita 5, zinahitaji karibu kilomita 6 za ufukwe. Homer alilijua hilo: katika kitabu cha 14 anasema ufukwe haukutosha, zikapangwa kwa safu.

Ushahidi mzito zaidi umetoka kwa makarani. Ikulu ya Pylos, nyumbani kwa Nestor wa utenzi, iliungua karibu mwaka 1180 KK, na moto ule ukavichoma vibao vya udongo vya hesabu vikawa vigumu kama matofali. Kimoja kinaorodhesha wapiga makasia, mji kwa mji. Mkubwa mmoja anayeitwa Ekelawon anatoa watu 40. Jumla inakaribia 600. Kwa makasia 30 kila chombo, hizo ni merikebu 20. Kwa makasia 50, ni 12. Utenzi ulimpa Nestor 90. Kibao kimoja si lazima kiwe kimeandika wanamaji wote wa nchi, lakini pengo ni kubwa mno kufidiwa na vibao viwili vitatu vilivyopotea.

Wahiti, waliotawala sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, nao waliandika. Waliijua nchi ya Wilusa, ambayo wataalamu wengi wanaamini ni Troia, na karibu mwaka 1280 KK waliwekeana mkataba na mfalme wake Alaksandu. Andiko lao lingine, la zamani zaidi, linamtaja Attarsiya, mtu wa Ahhiya, nchi ambayo wataalamu wengi wanaamini ni ya Wagiriki, aliyekuja kupigana na magari 100 ya vita. Kila upande ulipoteza ofisa mmoja.

Na muda mfupi kabla ya mji wa Ugarit, kwenye pwani ya Syria ya leo, kuteketezwa, katika miaka ileile Pylos ilipoungua, mfalme wake Ammurapi aliandika kwamba merikebu za adui zimechoma miji yake. Zilikuwa 7.

Iliad yenyewe inakumbuka vita vya kipimo hicho. Katika kitabu cha tano, Tlepolemus, mpiganaji wa upande wa Wagiriki, anajigamba kuwa baba yake Heracles aliiteka Troia kizazi kimoja nyuma, kwa merikebu 6 tu. Zikiwa na watu 50 kila moja ni watu 300, na posho yao haifiki magunia 3 ya ngano kwa siku. Msafara wa namna hiyo karani wa Pylos angeuidhinisha.