Mchimbaji mwenye psoriasisi: kifua kipimwe mbele ya sindano

Kuanzia Kasongo mpaka kwenye mashimo ya dhahabu ya Namoya na Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, ngozi inateseka kila siku: vumbi, jasho, maji ya shimo. Mtu akiona mabaka mazito yenye magamba meupe juu ya viwiko, magoti ao kichwa, anasema ni ukurutu tu. Pengine ni psoriasisi.

Ugonjwa huu hauambukizi. Bibi, bwana na watoto wanaweza kula na kulala pamoja na mgonjwa bila woga. Unatokana na kinga ya mwili inayofanya ngozi iote haraka kupita kiasi. Kwa mchimbaji kuna shida zaidi: pale jiwe lilipomkwaruza, baka jipya linaweza kutokea.

Ulaya na Amerika wanatumia sindano mpya zinazozima kipande kimoja cha kinga ile. Zinasafisha ngozi za wengi, lakini zina madhara. Pale zinapochomwa panaweza kuwa pekundu na kuwasha. Zingine zinaleta ukungu kinywani ao kwenye mikunjo ya ngozi. Na zile zinazozuia TNF, mara chache, zinaleta psoriasisi yenyewe kwa mtu asiyekuwa nayo! Kubwa zaidi: zinaweza kuamsha TB iliyolala kifuani. Anayevuta vumbi la mawe kila siku ndiye mwenye hatari zaidi ya TB. Basi kifua kipimwe kwanza.

Sindano zile ni za bei kali, na zinahifadhiwa kwenye frigo, kati ya digrii 2 na 8. Kwa hiyo huku kwetu hatari ya karibu ni nyingine: pomadi kali za kotizoni, kama klobetasoli, na vidonge vya deksametazoni vinavyouzwa bila karatasi ya muganga. Pomadi ikipakwa muda mrefu, ngozi inakuwa nyembamba na kupasuka mistari. Upele na choa vinajificha chini yake. Vidonge vikiachwa kwa ghafla, psoriasisi inaweza kurudi na usaha mwili mzima.

Kama unavitumia tayari, usiviache peke yako. Chukua kila tube na kila kidonge, uende navyo kituo cha afya. Na kama unakohoa majuma mawili, sema vilevile: katika Kongo dawa ya TB inatolewa bure.