Moshi wa stendi na mteremko wa Kaoze

Mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ndani ya moshi huo mna chembe ndogo mno za masizi, ambazo vinyweleo vya pua havizizuii. Zinafika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine hupenya zikaingia kwenye damu. Anayeumia zaidi si abiria wa safari moja. Ni kondakta, mpiga debe, mama muuza chai na mtoto aliye mgongoni mwake, wanaoshinda stendi huku magari yakiunguruma kusubiri kujaa.

Basi la umeme halitoi moshi huo, na Ufipa, mkoani Rukwa, ina sababu zake za kulitaka. Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Injini kuukuu isiyo na turbo, ikipanda mlima na mzigo, hukosa hewa ya kuunguza dizeli yote, na isiyoungua hutoka ikiwa moshi mweusi. Mota ya umeme haihitaji oksijeni. Isitoshe, kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hadi Kaoze, kule bonde la Ziwa Rukwa, gari hushuka kama mita 1,000. Kwa basi la tani 10, mteremko huo una nishati ya uniti 27 hivi, ambazo basi la dizeli huziteketeza kwenye breki. La umeme, mota yake hugeuka jenereta wakati wa kushuka. Hata nusu tu ikirudi kwenye betri, ni akiba ya kupandia. Wanaosema mabasi haya ni ya miji tambarare hawajaupigia hesabu mteremko.

Pingamizi zito ni umeme wenyewe. Kwa miaka mingi Rukwa imetegemea umeme wa Zambia na jenereta za dizeli, na ukame wa 2024 ulipopunguza mno maji ya Bwawa la Kariba, Zambia iliingia kwenye mgawo mkali. Basi linalochajiwa kwa jenereta ya dizeli limehamisha moshi tu. Ni kweli, na ndiyo maana njia ya umeme ya TAZA (Tanzania–Zambia) ya kilovoti 400, kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, lazima itangulie, ili umeme wa Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 ufike huku. Bei nayo inatisha, lakini Nairobi, tangu 2022, kampuni ya BasiGo imeonyesha kwamba mwenye basi anaweza kulipia betri kwa kila kilometa badala ya kuinunua yote mwanzoni. Barabara za bondeni, zisizopitika vizuri wakati wa masika, zitasubiri; tuanze na barabara ya lami ya Laela.

Halmashauri inapopanga stendi, itenge sasa eneo la transfoma na chaja. Na madereva wazime injini wakisubiri abiria. Hilo halihitaji bajeti.