Karakana Ndiyo Mizani: Usawa katika Vyuo vya Ufundi vya Rumonge

Rumonge iko kilomita sabini na ushei kusini mwa Bujumbura, pale Ziwa Tanganyika linapopakana na mashamba ya michikichi. Mji huu unaishi kwa mikono ya mafundi: wanaotengeneza injini za boti, wanaochomelea mitambo ya kukamulia mawese, waunda mitumbwi, waashi, washonaji, na wanawake wanaoanika ndagala (dagaa wa ziwa) ufukweni. Watu wake nao wametoka pande nyingi. Wamo wenyeji wa tambarare ya Imbo na walioshuka kutoka milima ya Bururi, wamo Waislamu wa mitaa ya Waswahili, wamo wenye ndugu Baraka na Fizi ng'ambo ya ziwa, wamo Watwa, na wamo wengi waliozaliwa ukimbizini Tanzania kisha wakarudi kwao. Chuo cha ufundi ni mojawapo ya mahali pachache ambapo vijana hawa wote wanaweza kukaa meza moja. Je, tutajuaje kama kinawatendea haki? Jibu langu ni kwamba daftari la kuandikisha wanafunzi halitoshi. Haki ya chuo inaonekana ndani ya karakana: nani anajifunza fani ipi, anafundishwa kwa lugha gani, na cheti anachotoka nacho kinamfikisha wapi. Na hayo yote yanaweza kupimwa bila kumwuliza mwanafunzi kabila lake.

Uzito wa jambo hili unatokana kwanza na ardhi. Burundi ina eneo la kilomita za mraba 27,834, na sensa ya 2024 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12. Walio wengi wanaishi kwa kilimo, na kila kizazi kinagawana kipande kilekile. Nchi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi ya ardhi. Mila ndiyo inayoamua, na mila humpa mtoto wa kiume. Pwani hii ina mzigo wa ziada. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji huko Rumonge na Nyanza-Lac, na mashamba yao yakaingia mikononi mwa wengine. Waliporudi miongo mitatu na zaidi baadaye, hasa kuanzia 2008, walikuta familia nyingine zimeshaota mizizi humo, na Tume ya Ardhi na Mali, CNTB, iliyoundwa 2006, ikawa na kazi nzito ya kuamua nani ahame na nani abaki. Kwa binti asiyerithi, kwa aliyerudi ambaye shauri lake halijaisha, kwa Mtwa ambaye ukoo wake haukuwahi kumiliki shamba, na kwa kijana mwenye ulemavu asiyeweza kushika jembe kutwa nzima, ufundi ni urithi usiohitaji hati. Chuo kikiwasukuma watu hao kwenye fani isiyolisha, kinawadhulumu mara ya pili.

Historia nayo inatufundisha kuwa waangalifu. Katika mauaji ya 1972, yaliyofuata uasi ulioanza kusini Aprili mwaka huo, Wahutu waliosoma walilengwa kwa namna ya pekee: walimu, watumishi wa serikali, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Kwa miaka mingi baadaye, wazazi wengi waliiona shule kama mtego. Ndiyo maana Mkataba wa amani wa Arusha uliotiwa saini 28 Agosti 2000 haukuishia kwenye majeshi na vyeo. Uligusa pia mgawanyo wa haki wa majengo na vifaa vya shule katika mikoa yote, fursa sawa kwa wasichana na wavulana, mitihani ya wazi isiyo na upendeleo, na haki ya kurudi masomoni kwa wale ambao vita au ubaguzi uliwakatiza. Kwa hiyo anayedhani usawa katika elimu ni hoja iliyoletwa na wafadhili anasahau kwamba Warundi wenyewe waliiandika katika sharti la amani yao.

Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linapotokea. Huwezi kurekebisha usichokipima, na kupima ni kuhesabu watu. Lakini katika nchi ambako orodha za majina ziliwahi kuua, nani athubutu kuhesabu? Nchini Uingereza, ambako sheria ya usawa ya 2010 inavitaka vyuo kuzingatia usawa katika maamuzi yao, ni kawaida kumwuliza mwanafunzi asili yake na kuchapisha takwimu. Njia hiyo haiwezi kuhamishiwa Rumonge kama ilivyo. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta huko Bururi, mkoa ambao Rumonge ilikuwa sehemu yake wakati huo, waasi waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Walikataa, na vijana 40 wakauawa pamoja. Baada ya tukio kama hilo, hakuna mkuu wa chuo mwenye dhamiri atakayetaka kupanga wanafunzi wake kwa safu za makabila, hata kama nia yake ni njema. Mgawo wa asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi uliowekwa katika serikali na Bunge ulikuwa chombo cha kugawana madaraka baada ya vita, na Katiba ya 2018 yenyewe iliitaka Seneti ichunguze kama bado unahitajika. Ulipopanuliwa mpaka kwa wafanyakazi wa mashirika ya kigeni, gharama yake ilionekana: shirika la Humanity & Inclusion, lililokuwa likiwahudumia watu wenye ulemavu, lilifunga kazi zake Burundi mwishoni mwa 2018 kwa sababu halikuwa tayari kuorodhesha wafanyakazi wake kwa kabila.

Hata hivyo, kukataa orodha ya makabila si ruhusa ya kufumba macho. Vipo vipimo vinavyogusa dhuluma bila kufufua hatari hiyo. Chuo kinaweza kuandika jinsia ya mwanafunzi, kilima (yaani kitongoji) anachotoka, lugha aliyosomea shule ya msingi, kama alilazimika kukatiza masomo, kama ana ulemavu unaohitaji vifaa maalumu, na, lililo kubwa kuliko yote, fani aliyopangiwa na kama aliimaliza. Kilima kinasema mengi kuhusu umbali na umaskini. Lugha inasema mengi kuhusu ukimbizi. Mtwa anayekosa nafasi ataonekana kupitia kilima chake kisicholeta mwanafunzi hata mmoja, bila mtu kumwandika Utwa wake. Kipimo hiki kinahusu vikwazo vinavyoondoleka, na kikwazo kinachoondoleka ndicho kinachofaa kuandikwa.

Tuchukue kikwazo kilicho wazi zaidi, yaani fani. Chuo kinaweza kujivunia kwamba nusu ya wanafunzi wake ni wasichana, huku karibu wote wakiwa mbele ya cherehani, na wavulana wakiwa kwenye uchomeleaji, umeme na injini. Langoni wamelingana. Sokoni hawalingani hata kidogo, maana washonaji wanapokuwa wengi katika mji mmoja kila mmoja hushusha bei, na nguo za mitumba humalizia kazi. Utafiti wa Benki ya Dunia uliofanywa Katwe, jijini Kampala, na kutolewa mwaka 2015, ulilinganisha wanawake wajasiriamali waliobaki katika kazi zilizozoeleka kuwa za kike na wale waliovuka kuingia kazi za kiume kama uchomeleaji na ufundi magari. Waliovuka walipata faida kama ya wanaume, na takriban mara tatu ya ile ya wanawake wenzao waliobaki. Katwe si Rumonge, lakini mantiki ya soko ni ileile: mji wenye boti nyingi, mitambo ya mawese na uhitaji wa majokofu ya samaki hauwezi kumlipa mshonaji wa mia kama unavyomlipa fundi injini wa kumi.

Watu husema wasichana wenyewe ndio wanaochagua ushonaji. Katwe inajibu hoja hiyo pia. Wengi wa wanawake ambao hawakuvuka hawakujua kwamba waliovuka wanapata zaidi. Waliovuka mara nyingi walikuwa na baba, ndugu au rafiki wa kiume aliyewaonyesha njia na kuwafundisha. Uchaguzi unaofanywa bila habari ni mazoea yaliyovaa nguo ya hiari. Na pwani hii ina ushahidi wake kwamba wanawake hawaogopi mbinu mpya pale faida inapoonekana. Zamani ndagala walianikwa mchangani, wakichanganyika na uchafu na kuoza mvua ikinyesha. Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lilipofundisha matumizi ya vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi, waanikaji, wengi wao wanawake, walivipokea, kwa sababu samaki waliwahi kukauka, wakawa safi, na bei ikapanda. Kinachokosekana ni chuo kinachoichukulia kazi ya samaki na ya mawese kuwa fani kamili, yenye mtaala na cheti, badala ya kuiacha iwe kazi ya mama zetu isiyo na jina.

Wengine wanahofu kwamba kutafuta usawa kutashusha viwango. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama tungependekeza alama za huruma. Mtihani wa fundi hauna huruma: chuma kilichochomelewa kinashika au kinaachia, injini inawaka au haiwaki. Mtihani huo ubaki ulivyo kwa kila mtu. Kinachobadilika ni safari ya kuufikia: vyoo vya wasichana karibu na karakana, meza inayofikiwa na mwenye kiti cha magurudumu, ratiba inayomruhusu mama kunyonyesha. Kumwondolea mtu jiwe njiani hakumpunguzii mwendo aliotakiwa kutembea.

Lugha ni kikwazo cha pili, na kwa Rumonge pengine ndicho kilichosahaulika zaidi. Mtoto wa Burundi hufundishwa kwa Kirundi miaka minne ya mwanzo, kisha Kifaransa kinachukua nafasi. Watoto wa wakimbizi wa 1972 waliokulia katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walisoma katika shule za Tanzania, kwa Kiswahili. Waliporudi, waliokuwa wakifanya vizuri ghafla walionekana wajinga kwa sababu tu maswali yaliulizwa kwa lugha wasiyoijua. Chuo cha ufundi kinaweza kuponya jeraha hili kwa urahisi kuliko shule nyingine yoyote, kwa kuwa somo lake liko mikononi. Mwalimu anayeeleza kazi ya kabureta kwa Kirundi na Kiswahili, kisha akafundisha majina ya Kifaransa yatakayokuwamo katika mtihani, hampunguzii yeyote kitu. Wapo wanaohofia kwamba Kiswahili kitawagawa wanafunzi. Lakini Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kiswahili kimo katika mtaala wa shule za msingi, na fundi wa Rumonge hununua vipuri na kuuza kazi yake Kigoma na Baraka. Lugha ya aliyerudi ni mtaji wa darasa zima.

Tatizo la mwisho ni heshima ya chuo chenyewe. Juni 2018 Wizara ya Elimu ya Burundi ilitangaza kwamba wasichana wajawazito, pamoja na wavulana waliowapa mimba, hawataendelea na shule za kawaida na wangeweza kwenda mafunzo ya ufundi. Mwezi uliofuata agizo likaondolewa, na ilikuwa haki liondolewe. Lakini lilifichua fikra iliyojificha vichwani mwa wengi, kwamba ufundi ni mahali pa kuwaweka walioshindwa na waliokosea. Chuo kikichukuliwa hivyo, mchanganyiko wa wanafunzi wake ni makapi ya mfumo, hata kama kwenye karatasi unaonekana mzuri. Ndivyo ilivyo pia kwa vijana wenye ulemavu. Burundi iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki zao mwaka 2014 na kutunga sheria yake Januari 2018, lakini mwenye ulemavu akiletwa karakanani kwa sababu tu hakuna pengine pa kumpeleka, sheria hiyo haijamfikia. Usawa utakuwapo siku ambapo mwanafunzi aliyefaulu vizuri na aliyekatiza masomo watachagua fani moja, kila mmoja kwa kuitaka.

Atakayesema kwamba vyuo havina hata vifaa vya kutosha, basi usawa usubiri, anasema kweli katika nusu ya kwanza. Vifaa ni haba. Lakini uhaba ndio unaofanya haki katika ugawaji iwe ya lazima zaidi: mashine tatu zinapogombewa na wanafunzi thelathini, mwenye sauti ndogo ndiye atakayemaliza mwaka bila kugusa hata moja. Na hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Kila chuo kibandike mwishoni mwa muhula jedwali la ukurasa mmoja, fani kwa fani: walioingia, waliobaki, waliofaulu na waliopata kazi, wasichana na wavulana, na vilima walivyotoka. Hilo ni la lazima zaidi sasa, kwa sababu mwaka 2025 mikoa 18 ilipunguzwa ikawa 5, na Rumonge, iliyokuwa mkoa tangu 2015, imeingia katika Burunga. Katika wastani wa mkoa mkubwa, kilima kimoja cha pwani kisicho na fundi hata mmoja hakitaonekana. Katika jedwali la chuo kitaonekana, na mkuu wa chuo, mzazi na mwenye karakana mjini wataweza kukitaja kwa jina lake na kuulizana ni nani atakwenda huko kabla ya usajili wa mwaka ujao.