Matangazo ya Ghafla Kwenye Kompyuta: Yaondoe, Usipige Simu

Baadhi ya programu za bure hubeba ndani yake programu nyingine ya matangazo. Mtumiaji akibonyeza “Kubali” bila kusoma, zote mbili huingia pamoja. Dalili zake ni matangazo yasiyokoma, kurasa zinazofunguka bila kuombwa na kompyuta kuwa nzito.

Hatari kubwa ni tangazo linalodai kuwa kompyuta ina virusi na kukutaka upige namba fulani. Huo ni utapeli: onyo halisi la Microsoft haliwekwi namba ya simu. Usipige, usilipe, wala usimruhusu mtu usiyemjua aiendeshe kompyuta yako kutoka mbali.

Piga picha onyo hilo, kisha zima intaneti. Ondoa programu usiyoitambua, futa viendelezi vya kivinjari na ruhusa za arifa usizozihitaji, halafu ikague kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi. Baadaye, pakua programu kutoka tovuti ya mtengenezaji pekee.

Aliyekwisha kulipa aijulishe mara moja benki au kampuni ya simu, kisha afike kituo cha polisi kilicho karibu naye akiwa na picha hiyo na kumbukumbu za malipo. Fedha huvuka mpaka kwa dakika chache. Taarifa ya mapema ndiyo inayoweza kuzizuia.