Miaka Minne ya Kuusoma Ubongo

Kijana akitamka kwamba anakwenda chuo kikuu kusomea ubongo, jamaa wote humpongeza kwa neno moja: daktari. Mjomba aliyepatwa na kiharusi huanza kuhesabu miaka, na jirani mwenye mtoto wa kifafa hutaka kujua msomi huyo atarudi lini. Ndugu mzazi, kabla matumaini hayo hayajageuka kuwa deni juu ya mwanao, yafaa ufahamu elimu hiyo ni kitu gani hasa. Katika vyuo vya Uingereza imewekewa njia inayomtaka kijana wa miaka 18 akate shauri zito, na shauri hilo linahusu pia mfuko wako.

Njia hiyo ni shahada ya uzamili iliyounganishwa na shahada ya kwanza. Badala ya kusoma miaka mitatu, kuhitimu, kisha kuomba upya nafasi ya mwaka mmoja wa uzamili, mwanafunzi huandikishwa mara moja kwa miaka minne. Katika vyuo vingi mwishoni hutunukiwa shahada moja tu, nayo ni ya ngazi ya uzamili. University College London, Bristol na Nottingham ni miongoni mwa vyuo vilivyoitoa shahada ya namna hiyo katika sayansi ya ubongo.

Ikumbukwe kwamba elimu hii si tawi la uganga. Mhitimu wake haruhusiwi kumwandikia mgonjwa dawa hata kidonge kimoja. Akitaka kuwa tabibu hana budi kuanza masomo ya udaktari, ingawa viko vyuo vya Uingereza vinavyowapokea wenye shahada nyingine na kuwafundisha kwa miaka minne. Yeye kazi yake ni kuuliza: kiungo hiki chenye uzito wa kilo 1.4 hivi, na chembe za neva zipatazo bilioni 86, hufanyaje kazi?

Mwaka wa kwanza hauna maajabu. Ni biolojia, kemia ya viumbe na takwimu, na wengi huchoka hapo. Baadaye ndipo mwanafunzi anapokutana na ngisi. Naam, ngisi yule yule wa soko la samaki. Katika miaka ya 1930 mtaalamu John Z. Young alionyesha kwamba ngisi ana uzi wa neva mnene ajabu, unaoweza kufikia unene wa milimita moja, hata ukaonekana kwa macho. Mwaka 1939, mjini Plymouth, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipenyeza elektrodi nyembamba ndani ya uzi huo wakapima umeme wake. Vita vikawakatiza. Waliporudi kazini walibainisha kwamba habari husafiri katika neva kwa sababu chembe za sodiamu, zile zilizomo katika chumvi ya mezani, huingia ndani kwa ghafla, kisha chembe za potasiamu zikatoka. Mwaka 1952 walitoa milinganyo yake, na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles. Kijana anayeikimbia hesabu na aitazame milinganyo hiyo kabla ya kujaza fomu.

Lakini kinachoitenga njia ya miaka minne ni mwaka wa mwisho, na mfano wa madereva wa teksi wa London utatusaidia kuuelewa. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walitangaza kwamba madereva hao, ambao hulazimika kuhifadhi kichwani maelfu ya mitaa, wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi iliyo kubwa kuliko ya watu wengine. Mwanafunzi wa kawaida huandika jambo hilo katika daftari, akalijibia mtihani. Mtafiti huuliza: je, kazi ndiyo iliyoikuza sehemu hiyo, au waliozaliwa nayo kubwa ndio wanaofaulu udereva? Ilibidi wanagenzi wafuatiliwe kwa miaka, na mwaka 2011 ikaonekana kwamba waliofaulu ndio ambao sehemu hiyo ilikuwa imekua. Mwaka wa nne ni wa maswali ya aina hii. Mwanafunzi hukaa maabarani kwa miezi akitafuta jibu ambalo hata mwalimu wake hanalo, na huenda akamaliza bila kulipata. Baadhi ya utafiti huo hutumia wanyama, chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1986. Mwenye kulionea uzito jambo hilo aulize mapema kama kuna miradi ya kompyuta au ya picha za ubongo.

Tugeukie fedha. Mkazi wa Uingereza anayestahili mkopo wa wanafunzi hupata mkopo wa shahada ya kwanza kwa miaka yote minne, na hiyo ni nafuu kubwa. Mgeni hana mkopo huo, na karo yake mara nyingi huzidi maradufu ya mwenyeji. Zaidi ya hayo, misaada kama ya Chevening na ya Jumuiya ya Madola hugharimia uzamili unaosimama peke yake, si mwaka wa nne uliounganishwa. Kwa maoni yangu, familia inayolipa kutoka Dar es Salaam au Nairobi ifikirie kwanza miaka mitatu, kijana arudi afanye kazi, kisha aombe msaada. Miaka minne mfululizo imfae yule ambaye moyo wake umekwisha kuelekea utafiti na ambaye mlipaji wake anajulikana.

Vyuo kadhaa huwafundisha wote pamoja miaka miwili ya kwanza, na mwenye alama nzuri aweza kuomba kuhamia njia ndefu. Asiyefikia kiwango hutoka na shahada ya kwanza mwaka wa tatu. Kwa mgeni, hata hivyo, kubadili urefu wa masomo hugusa kibali cha kukaa nchini na uthibitisho wa fedha. Mwanao na aombe jawabu la maandishi kutoka chuoni kabla hujakata tikiti.