Familia ya Watu Tisa, Chumba cha Watu Wanne

Mwaka 1951 mjenzi wa nyumba wa Memphis, Marekani, jina lake Kemmons Wilson, alimpakia mkewe na watoto wao watano kwenye gari wakaenda kutembea Washington. Njiani walilala kwenye moteli. Kilichomchoma zaidi kilikuwa bili: kila mtoto alitozwa dola 2 za ziada, ilhali wote walibanana na wazazi wao katika chumba kile kile. Watoto watano, dola 10, kila usiku. Mwaka uliofuata Wilson alifungua moteli yake mwenyewe Memphis, akaiita Holiday Inn, na mojawapo ya masharti yake ya mwanzo likawa kwamba mtoto anayelala na wazazi halipiwi.

Hoteli nyingi ziliiga, na leo wazazi wengi hawajui kwamba jambo hilo liliwahi kuwa ugomvi. Lakini ugomvi wenyewe haukwisha, ulibadilika sura tu. Chumba cha kawaida cha hoteli ya Marekani kina vitanda viwili vikubwa: kimoja cha baba na mama, cha pili cha watoto wawili. Akiongezeka bibi, shangazi na wajukuu watatu, karani wa mapokezi hafikirii tena bei. Anaangalia idadi ya watu inayoruhusiwa chumbani, na idadi hiyo haibembelezwi.

Hakuna mahali jambo hili linajitokeza waziwazi kama Orlando, Florida. Hapo ndipo ilipo Walt Disney World, iliyofunguliwa Oktoba 1, 1971, na sasa ina bustani nne za burudani: Magic Kingdom, EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Ukiongeza bustani mbili za michezo ya maji na hoteli zaidi ya 25 zilizotapakaa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 100, ni mji mzima. Jirani yake ni Universal, iliyofungua bustani mpya ya Epic Universe Mei 2025. Kwa jamaa waliotawanyika, huyu Minneapolis, yule Houston, mwingine Toronto, na mama yao Mombasa, ni mahali ambapo watoto wote hukubali kwenda bila kushurutishwa.

Tuseme jamaa hao ni tisa. Baba, mama, bibi aliyekuja na viza ya matembezi, shangazi, na watoto watano wenye umri wa miaka 15, 12, 9, 6 na 2. Wengi huanza kwa kuuliza hoteli ina nyota ngapi. Swali la kwanza lingepaswa kuwa: ina mabafu mangapi?

Hesabu yake ni rahisi. Mtoto wa miaka 2 huogeshwa na mama yake, kwa hiyo wamebaki wanane wa kupanga foleni. Kila mmoja akitumia dakika 10, jambo ambalo msichana wa miaka 15 hatalikubali, bafu moja litakuwa na mtu kwa dakika 80 mfululizo. Mabafu mawili yanashusha muda huo hadi dakika 40. Matatu, nusu saa. Sasa, wageni wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuingia bustanini dakika 30 kabla ya watu wengine, na dakika hizo ndizo zenye foleni fupi kuliko zote za siku. Lango la saa 3 asubuhi kwao hufunguliwa saa 2 na nusu. Familia inayoamkia swala ya alfajiri ina nafuu hapo. Nyingine italipia bei ya hoteli ya Disney, halafu iache faida yake kubwa ndani ya foleni ya kuoga.

Hoteli za Disney zimepangwa kwa madaraja. Za bei nafuu, kama Pop Century na zile tatu za All-Star, zina vyumba vya meta za mraba zipatazo 24 ambavyo huruhusu watu wanne, pamoja na mtoto wa chini ya miaka 3 anayelala kwenye kitanda chake cha mtoto mchanga. Kwa hiyo tisa wetu wanaenea katika vyumba viwili: wanne hapa, wanne na kichanga pale. Mabafu mawili, bei ya chini kabisa. Lakini mtoto huyo akitimiza miaka 3 kabla ya safari, hesabu yote inavurugika, maana chumba chake sasa kina watano. Siku hiyo hiyo ataanza pia kulipiwa tiketi ya bustani, kwa kuwa walio chini ya miaka 3 huingia bure. Yule wa miaka 9 naye asisahauliwe: akifika 10 bei yake ni ya mtu mzima. Tarehe za kuzaliwa za watoto zitazamwe kabla ya kalenda ya likizo.

Vyumba vya kawaida vya watano vipo. Katika Port Orleans Riverside baadhi ya vyumba vina kitanda cha tano, kidogo, cha kutosha mtoto, na hoteli kadhaa za daraja la juu zina kochi la kulalia. Watu sita ndio wanaohitaji vyumba maalumu vya familia, na vinavyojulikana zaidi ni vya Art of Animation, hoteli iliyofunguliwa mwaka 2012. Ina vyumba 1,120 vya namna hiyo, vimepambwa kwa michoro ya filamu za katuni, mojawapo ikiwa ile ya Simba. Ndani kuna chumba cha kulala chenye mlango wake, sebule, mabafu mawili, friji ndogo na maikrowevu. Kochi la sebuleni hukunjuliwa likawa kitanda.

Kitanda cha tatu kinahitaji maelezo. Mchana ni meza ya chakula. Jioni unaivuta kutoka ukutani, inalala chini ikiwa na godoro lake, na watoto wawili wanapanda. Ni ufundi mzuri na watoto huupenda. Ila bibi mwenye kisukari anayehitaji kula kidogo saa 4 usiku atakuta wajukuu wamelala juu ya meza, na mwingine amelala kwenye kochi alilotaka kukalia. Mtu mzima anayetaka kuzungumza na simu atajifungia bafuni. Chumba cha watu sita kinawatosha sita wakiwa wamelala. Wakiwa macho ni habari nyingine.

Kwa Universal mfano wa karibu ni Cabana Bay, iliyofunguliwa mwaka 2014 na kupambwa kwa mtindo wa moteli za enzi za Wilson. Vyumba vyake vya familia huchukua sita pia, lakini bafu ni moja lililogawanywa kwa milango, mmoja aoge huku mwingine akipiga mswaki. Ni nusu ya suluhisho, na bei yake kwa kawaida huakisi hivyo.

Njia ambayo familia kubwa nyingi huishia nayo ni vyumba viwili vyenye mlango wa ndani wa kuviunganisha. Hapa lugha ya hoteli inahitaji kusikilizwa kwa makini. Vyumba vinavyopakana ni majirani tu: ukitaka kumfuata mtoto unatoka koridoni na kadi yako. Vyumba vilivyounganishwa vina mlango kati yao, na ukiachwa wazi ni kama nyumba moja. Mteja akisema anataka vyumba vya pamoja, karani anaweza kuandika chochote kati ya hivyo viwili. Halafu kuna tofauti ya ombi na ahadi. Kwa miaka mingi hoteli zilipokea ombi tu, na familia ikifika usiku inaambiwa vilivyobaki ni kimoja ghorofa ya pili na kingine ya sita. Malalamiko hayo ndiyo yaliyoifanya Hilton, mwaka 2021, ianze kumruhusu mteja kuthibitisha vyumba vilivyounganishwa wakati ule ule anapoweka nafasi. Kwingineko mara nyingi inabidi kupiga simu na kutaka maneno hayo yaandikwe kwenye uthibitisho. Jambo jingine: kila chumba huandikishwa kwa mtu mzima. Shangazi akiandikwa chumba cha pili, watoto wakubwa walale kwake. Wadogo na bibi wabaki upande wa mama.

Msomaji wa Kiswahili atashangazwa na hoteli moja. Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001, imejaa maneno ya kwetu. Jengo la kwanza linaitwa Jambo House, la pili Kidani Village. Mabwawa ya kuogelea ni Uzima na Samawati, duka moja ni Zawadi, na mikahawa ni Boma, Sanaa na Jiko. Mama anayeuliza lilipo jiko akitaka kupasha uji wa mtoto ataelekezwa kwenye mkahawa wa bei ghali. Bustani ya Animal Kingdom iliyo jirani ina mji wa kubuni uitwao Harambe, na walioubuni walichota mengi kutoka Lamu.

Sifa kuu ya hoteli hiyo ni madirisha yanayotazama uwanda wenye twiga, punda milia na ng'ombe wa Ankole wenye pembe kubwa. Vyumba vya upande huo ni ghali kuliko vinavyotazama maegesho ya magari. Je, vinafaa? Bibi aliyewahi kuzuiwa na tembo barabarani Voi atacheka. Mjukuu aliyezaliwa Minnesota anaweza kuwa na jibu tofauti, na huenda ikawa tamu zaidi akielezwa majina ya wanyama na bibi yake mwenyewe barazani kuliko foleni yoyote ya bembea. Tatizo la hoteli hiyo ni usafiri. Inahudumiwa kwa mabasi tu, na Magic Kingdom ni mbali. Contemporary, Polynesian na Grand Floridian ziko kwenye treni ya reli moja inayokwenda hadi lango la Magic Kingdom. Art of Animation na Pop Century zina kituo cha Skyliner, vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya, vilivyoanza mwaka 2019 na kufika EPCOT na Hollywood Studios. Jua la Florida la Julai, likifuatiwa na mvua ya radi alasiri, huwafanya mtoto wa miaka 2 na bibi wa miaka 70 watake kurudi kulala saa 7 mchana. Kurudi huko ndiko kunakopima hoteli.

Kidani Village ndiyo inayowafaa tisa wetu kwa idadi. Nyumba yake ya vyumba viwili vya kulala huchukua watu tisa, ina mabafu matatu, jiko kamili na mashine ya kufulia. Bei yake ni ya kutisha, lakini ipo njia ya pembeni. Nyumba hizo ni za mpango wa umiliki wa muda uitwao Disney Vacation Club, ulioanza mwaka 1991, na wanachama wake huwapangisha wengine pointi wasizozitumia, mara nyingi kwa bei iliyo chini sana ya ile ya hoteli. Sharti lake ni gumu: kwa kawaida ukishalipa hurudishiwi. Ambaye viza ya mama yake haijatoka asiguse njia hiyo.

Wengine hutoka kabisa nje ya Disney na kukodi nyumba Kissimmee au karibu na barabara ya 192, ambako zipo kwa maelfu, za vyumba vinne hadi vinane, na bwawa uani. Pilau inapikwa kwenye sufuria kubwa, nyama imenunuliwa duka la halali, na wanaume hawalazwi sebuleni. Kwa watu 12 au zaidi ni vigumu kuishinda nyumba. Ila lazima kuwe na magari mawili, na maegesho ya bustanini hulipiwa kila siku, wakati wageni wa hoteli za Disney huegesha bure. Kuna ada ya usafi, na wakati wa baridi ada ya kupasha maji ya bwawa moto. Zile dakika 30 za asubuhi hazipo. Na yupo mtu atakayeosha vyombo vya watu tisa. Katika familia nyingi anajulikana hata kabla ya ndege kuruka.

Bei zilinganishwe zikiwa zimekamilika. Kodi za malazi ni asilimia 12.5 katika Orange County, na 13.5 katika Osceola ilipo Kissimmee. Hoteli nyingi za nje ya bustani huongeza ada ya huduma kwa kila usiku, ambayo zamani ilifichwa hadi ukurasa wa mwisho wa malipo. Tangu Mei 2025 sheria ya shirikisho inazilazimu kuonyesha jumla yenye ada hizo tangu mwanzo, ingawa kodi bado zinaweza kujitokeza baadaye. Vyumba viwili vya bei nafuu, vikijumlishwa kodi, mara nyingi ni rahisi kuliko chumba kimoja cha familia katika hoteli za Disney za daraja hilo, na mabafu ni mawili pia. Hilo wengi hawalipigii hesabu kwa sababu neno "familia" limeandikwa kwenye kile cha ghali.

Disney hukabidhi vyumba vya kawaida kuanzia saa 9 alasiri na nyumba za Kidani kuanzia saa 10. Kutoka ni saa 5 asubuhi. Familia itakayotua Orlando asubuhi iache masanduku kwa wahudumu wa mizigo, lakini dawa za bibi, nepi na nguo za kuogelea zibaki kwenye mkoba wa mkononi, maana bwawa huwa wazi hata kabla chumba hakijawa tayari.