Nani amekaa kando ya nani? Fumbo la testi za benki na vijana wa Eringeti

Watu sita wamekaa kwenye benchi moja. Karatasi haisemi nani yuko nafasi ya ngapi. Inatoa habari sita tu, na saa inakimbia. Kijana aliyemaliza Commerciale et Gestion, anayejua kujaza jurnali na kutengeneza bilan, anaweza kukosa kazi ya benki kwa sababu ya benchi hilo.

Maswali ya namna hii huitwa maswali ya mpangilio wa viti. Yako katika kundi la maswali ya mantiki, yale ambayo waliosoma kwa Kifaransa wanayaita test psychotechnique. Benki, makampuni na mashirika yanayopokea dosie nyingi kwa nafasi chache hutumia testi za aina hiyo kupunguza watu kabla ya kuwaita kwa mazungumzo ya ana kwa ana. Fumbo la viti halimuulizi mtu alisoma shule gani wala baba yake ni nani. Linataka kujua kama anaweza kusoma maneno, kuyaweka kwa utaratibu na kufikia jibu bila kubahatisha.

Barabara ndefu hadi chumba cha testi

Kwa kijana wa Eringeti jambo hili lina uzito wake. Mji huo mdogo uko karibu kilomita 60 kaskazini mwa Beni, kwenye barabara ya taifa namba 4, pale Kivu ya Kaskazini inapopakana na Ituri. Mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika wilaya ya Beni, ambayo waasi wa ADF wanatuhumiwa kuyafanya, hayakuwapita wakaaji wake. Mwishoni mwa Novemba 2015 hata hospitali ya Eringeti ilishambuliwa.

Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Septemba 2014, kama hakupoteza hata mwaka mmoja, anafikia Exetat mwaka 2026. Maana yake ni kwamba masomo yake yote, tangu herufi ya kwanza, ameyafanya wakati wa vita. Wengi wamepoteza miaka, kwa sababu familia zilikimbilia Oicha, Beni, Butembo au upande wa Ituri, na shule zikafungwa na kufunguliwa mara kadhaa.

Benki nazo ziko mbali, Beni na Butembo. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na benki za huko kufunga milango, Beni imekuwa makao ya muda ya serikali ya mkoa, na umuhimu wa miji hiyo miwili kwa mambo ya feza umeongezeka. Benki zenyewe zimeungana na majirani. Equity BCDC, iliyozaliwa mwishoni mwa 2020, ni ya kundi la Equity la Kenya. TMB iko chini ya KCB, nayo ya Kenya, tangu Desemba 2022. Kijana wa Eringeti anayeomba kazi anapimwa pamoja na wengine waliosomea miji yenye umeme, intaneti na vitabu.

Nchi ambayo maswali ya viti yamekuwa karibu somo kamili ni India. Huko taasisi ya IBPS huandaa mtihani wa pamoja kwa benki nyingi za umma. Katika hatua ya kwanza ya mtihani wa maofisa, mtahiniwa anapewa maswali 35 ya mantiki na dakika 20, ndiyo kusema sekunde 34 kwa kila swali. Jibu baya linakata robo ya alama za swali hilo, kwa hiyo kubahatisha kunaumiza.

Lakini fumbo moja la viti mara nyingi hubeba maswali matatu, manne au matano. Mwenye kuchora benchi vizuri mara moja anajibu yote kwa kutazama mchoro wake. Asiyechora anarudi kusoma habari zilezile kwa kila swali, na muda unamwishia hapo.

Benchi la watu sita

Mfano huu unatosha kuonyesha njia. Masika, Kavira, Kahindo, Mumbere, Kambale na Kasereka wamekaa kwenye benchi, wote wakitazama ubao. Nafasi zinahesabiwa kutoka kushoto kwao, 1 hadi 6. Neno "kando ya" lina maana kwamba hakuna mtu kati yao.

Habari ya 1: Masika yuko kwenye ncha moja ya benchi.
Habari ya 2: Kambale yuko kando ya Masika.
Habari ya 3: Kati ya Kambale na Kasereka kuna watu wawili.
Habari ya 4: Kavira yuko kando ya Kasereka, upande wa kushoto wa Kasereka.
Habari ya 5: Mumbere hayuko kando ya Kambale.
Habari ya 6: Kavira hayuko kando ya Kahindo.

Swali: nani yuko nafasi ya tatu?

Kabla ya kusoma habari yoyote, watu sita wanaweza kupangwa kwa njia 720. Hakuna anayeweza kuzijaribu zote. Kazi ya kila habari ni kufuta.

Habari ya kwanza haisemi ncha ipi. Hapo wengi wanachagua upande mmoja kwa haraka na kuendelea. Mwenye mazoezi anachora mabenchi mawili, moja chini ya lingine: kwenye la kwanza Masika yuko nafasi ya 6, kwenye la pili yuko nafasi ya 1. Njia 720 zimebaki 240.

Habari ya pili inamweka Kambale nafasi ya 5 kwenye benchi la kwanza, na nafasi ya 2 kwenye la pili. Zimebaki njia 48.

Habari ya tatu inamtafutia Kasereka mahali. Kwenye benchi la kwanza, kutoka nafasi ya 5 unaruka watu wawili na kufika nafasi ya 2. Kwenye la pili, kutoka nafasi ya 2 unafika nafasi ya 5. Upande mwingine benchi limekwisha. Zimebaki njia 12.

Habari ya nne inamweka Kavira nafasi ya 1 kwenye benchi la kwanza, na nafasi ya 4 kwenye la pili. Zimebaki njia 4 tu, na watu wasiojulikana ni wawili, Mumbere na Kahindo.

Habari ya tano inawapanga hao wawili. Kwenye benchi la kwanza nafasi zilizo wazi ni 3 na 4, na nafasi ya 4 iko kando ya Kambale, kwa hiyo Mumbere anakwenda 3 na Kahindo 4. Kwenye la pili nafasi zilizo wazi ni 3 na 6, na nafasi ya 3 iko kando ya Kambale, kwa hiyo Mumbere anakwenda 6 na Kahindo 3.

Zimebaki njia 2, na habari ya sita inakata kesi. Kwenye benchi la pili Kahindo yuko nafasi ya 3 na Kavira nafasi ya 4, wamegusana, na habari imekataza. Benchi la pili linafutwa. Mpangilio ni Kavira, Kasereka, Mumbere, Kahindo, Kambale, Masika. Nafasi ya tatu ni ya Mumbere.

Aliyechora benchi moja tu mwanzoni angeweza kuangukia lile la pili. Angefuata habari tano bila kosa lolote, na kwenye ya sita angejikuta amekwama, akifikiri karatasi imekosea.

Mitego inayoangusha watu

Mtego wa kwanza kwa watu wa Beni na Butembo uko kwenye majina yenyewe. Kwa Wanande, Mumbere ni mtoto wa kiume wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Masikio yamezoea utaratibu huo tangu utotoni, na mkono unataka kuwapanga hivyo kwenye benchi. Fumbo halijui mila hiyo. Kitu ambacho karatasi haikusema, mtahiniwa hana ruhusa ya kukitumia, hata kama kijiji kizima kinakijua.

Mtego wa pili ni lugha. Testi za Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Maneno "à gauche de" yanasema mtu yuko upande wa kushoto, pengine mbali. "Immédiatement à gauche" ndiyo kusema kando kabisa. Na anayeitwa wa tatu kushoto kwa Kasereka ana watu wawili kati yake na Kasereka. Neno moja dogo lisiposomwa, mchoro wote unakwenda kombo.

Mtego wa tatu ni habari za kukataza, zile zenye "hayuko". Hazimweki mtu popote, kwa hiyo wengi huziruka na kuzisahau. Njia nzuri ni kuziandika pembeni ya mchoro, kisha kuzirudia wakati nafasi zimebaki chache. Katika mfano huu, habari mbili za kukataza ndizo zilizomaliza kazi.

Kuzunguka moto

Sura nyingine ya fumbo inawaweka watu kwenye meza ya mviringo. Hapo kushoto na kulia vinachanganya hata waliosoma sana. Kwa mtu wa kwetu, njia rahisi ni kufikiria moto wa jioni kwenye kyaghanda, watu wamekaa kuuzunguka na nyuso zao zinauelekea.

Masika, Kavira, Mumbere na Kasereka wanaota moto. Mumbere anatazamana na Masika. Kavira yuko mkono wa kulia wa Masika. Nani yuko mkono wa kulia wa Mumbere?

Mwenye haraka anajibu Kavira, kwa sababu kwenye karatasi anamwona Kavira upande wa kulia. Lakini Mumbere amekaa ng'ambo ya moto, anamtazama Masika, na kulia kwake ni kushoto kwa Masika. Jibu ni Kasereka.

Sheria yake ni fupi. Watu wakitazama moto, kwenda kulia ni kwenda kinyume cha mishale ya saa. Wakiupa moto mgongo, kwenda kulia ni kufuata mishale ya saa. Watu wanane wakizunguka, anayetazamana na mtu ni wa nne kutoka kwake, upande wowote unaohesabu. Na kwa sababu duara halina ncha, kazi inaanza kwa kumweka mtu mmoja mahali popote, kisha wengine wanapangwa kwa kumfuata yeye. Kwa watu wanane hilo peke yake linashusha njia kutoka 40.320 hadi 5.040.

Mazoezi bila intaneti

Fumbo la viti halihitaji kompyuta. Kaye, biki na punje sita za mahindi zilizoandikwa herufi zinatosha. Punje zinahamishwa kwenye meza hadi habari zote zikubaliane. Baadaye mtu anaacha punje na kuchora, kwa sababu siku ya testi atakuwa na karatasi tu.

Vijana sita wakikutana darasani baada ya masomo wanaweza kukaa kweli kwenye benchi. Wa saba anasoma habari, wao wanahama kiti kwa kiti. Mtu aliyesimama mara mbili kwa sababu ya neno "kando ya" halisahau haraka.

Zoezi linalofundisha zaidi ni kutunga fumbo. Mtunzi anaanza na jibu, anaandika habari zinazolifuata, kisha anatafuta kama kuna mpangilio mwingine unaokubaliana na habari hizo. Ukiondoa habari ya sita kwenye mfano wa juu, majibu yanakuwa mawili na fumbo limeharibika. Anayeona hilo mwenyewe anaelewa kwa nini hakuna habari ya kupuuza.

Mwanzoni dakika kumi kwa fumbo moja si aibu. Baada ya kuzoea, saa ya simu inawekwa mezani na muda unapunguzwa kidogo kidogo. Na kwenye testi yenyewe, fumbo linalokataa linaachwa, mengine yanajibiwa, kisha linarudiwa muda ukibaki.

Mantiki peke yake haimpi mtu kazi. Benki itatazama pia diploma, Kifaransa, hesabu na tabia, na nafasi zenyewe ni chache. Kuna pia wanaozunguka wakidai franka au dola ili "kupitisha" jina au kuuza maswali. Familia iliyouza kakao ya msimu mzima kumlipa mtu wa namna hiyo inaweza kubaki bila feza na bila kazi. Punje za mahindi na kaye ni rahisi kuliko hayo.

Linabaki jambo la barabara. Kutoka Eringeti mtahiniwa anapita Oicha, Mbau na Mavivi kabla ya kuingia Beni, na zipo siku ambazo magari yanangoja msafara wenye ulinzi wa jeshi au hayatembei kabisa. Aliyeitwa asubuhi ya Jumatatu ni bora alale Beni Jumapili, kwa ndugu au kwa jamaa wa kanisa, akiwa na biki mbili, kadi ya mpiga kura na barua ya mwaliko. Saa ya testi ikianza, hakuna atakayeuliza barabara ilikuwaje.